Tupeane uzoefu: Uliwahi kuishi bila makaratasi? Kichwa kilikuwaje?

Wakuu, mwagonile. Niko Uyole, Mbeya. Stori za kuvuka Tunduma, Chirundu mpaka Beitbridge zimejaa kila kijiwe hapa. Mimi nataka ile tusiyosimulia: upweke wake.

Naanza. Niliingia Sauzi na pasi yangu halali nikiwa na miaka 20. Siku 90 zikaisha, nikabaki. Johannesburg nilikaa miaka saba. Kitu cha kwanza kupotea ni salamu. Huku kwetu humpiti mtu kimya, lakini kule nikifungua mdomo tu nimejitaja. Nikazoea kutembea nimeinamisha kichwa. Kwenye simu, washikaji niliwaandika "Fundi Bomba", "Muuza Gesi", ili simu ikikamatwa asiponzeke mtu. Mwaka wa tatu nilikuwa na Fundi Bomba watatu, sijui yupi ni yupi, na sikumpigia hata mmoja.

2015, wageni walipokuwa wanashambuliwa, tulilala na viatu. Ile hofu ilipita. Kilichonimaliza ni mama kupiga kila Jumapili, "umekula, mwanangu?", nami naanza kutunga. Mwisho nikaacha kupokea, maana uongo nao unataka nguvu. Nikawa nalala masaa 14 na bado naamka nimechoka. Aliyeniburuza kwenda kwenye mpira ni mwenzangu wa chumba, jamaa wa Karonga, Malawi. Kinyakyusa changu na Kingonde chake tulisikilizana bila shida. Huyo tu ndiye sikuwa na haja ya kumdanganya.

Kijana_wa_Vwawa: Si ungerudi tu mkuu? Nauli ya basi inakushinda?

Mleta uzi: Ukizidisha zaidi ya siku 30, ukitoka unafungiwa kuingia tena Sauzi miaka 5. Na baba mdogo alishauza shamba la kakao Kyela ili mimi niende. Ungerudi na nini?

Dada_Mwanjelwa: Wengine hatukwenda popote. Mama yangu alivuka Mto Songwe akitokea Malawi, mimi nimezaliwa Kyela, nimesoma Kyela, karatasi sina. Shuleni hakuna aliyeniuliza. Ilipofika Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kuzimwa, na bila namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, husajili. Mpenzi wangu, bodaboda, akanisajilia kwa jina lake. Tulipogombana akaifunga. Siku moja nikapoteza mwanaume, M-Pesa, na kundi la kikoba. Wenzangu wa kikoba wakadhani nimetoroka na zamu yangu! Miezi minne sikukanyaga sokoni. Nilikuwa napika, nakisikia chakula kinaungua, nakiangalia tu. Watu walisema nimerogwa, na mimi nikaona afadhali wadhani hivyo kuliko wajue sina karatasi.

Mbao_Mafinga: Mimi Mtanzania kamili, ila nimewahi kulala mahabusu na dogo wa Kiethiopia, walikamatwa wengi wakielekea kusini. Kiswahili chake kilikuwa "maji" basi. Siku mbili alikaa ameuelekea ukuta. Nikachora drafti sakafuni kwa mkaa, kete tukafanya za karatasi. Michezo ya kwanza nilimwachia. Baadaye, wakuu, sikuwa namwachia, alinipiga kihalali. Akishinda anacheka kwa kujifunika mdomo. Walipomhamisha aliondoka na kete moja mfukoni.

Kijana_wa_Vwawa: Nimesoma yote. Lile swali langu la nauli nalifuta. Dada, kikoba walikurudisha?

Dada_Mwanjelwa: Mmoja alikuja mpaka nyumbani, mama muuza vitumbua. Hakuuliza kitu. Alikaa jikoni akamenya vitunguu vyangu, akaja na kesho yake. Siku ya tatu nikamwambia mwenyewe. Kumbe na mume wake alitokea Nakonde, Zambia, hivyohivyo. Sasa natumia laini iliyosajiliwa kwa jina la shangazi. Leo asubuhi kanipigia, anataka kujua nani kamuungia kifurushi cha intaneti wakati yeye ana simu ya kitochi.