Naomba ushauri: kubadilisha betri kongwe za redio ya mawasiliano

Mleta mada:
Wakuu, salamu. Ninayo redio ya mawasiliano ya mkononi ambayo bado inapokea na kurusha vizuri, ila pakiti yake ya betri haishiki chaji tena. Ndani mna seli 6 za nikeli-kadimiamu zilizounganishwa mfululizo, kila moja ya volti 1.2 na mAh 600 (miliampea-saa, kipimo cha umeme ambao seli huhifadhi), na mbili zimetoa unga mweupe kwenye ncha. Je, niweke seli za nikeli-haidraidi za mAh 2000, au nihamie kwenye lithiamu? Chaja ni ile ile ya awali, ya mA 60 (miliampea, kipimo cha mkondo wa umeme).

Mchangiaji wa kwanza:
Lithiamu iache kabisa, ndugu yangu. Seli ya kawaida ya aina hiyo hujaa kwenye volti 4.2 na lazima chaja idhibiti volti hapo, ilhali chaja yako haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Itaendelea kusukuma umeme hadi seli ivimbe au iwake moto. Nikeli-haidraidi inafaa kwa kuwa nayo ni ya volti 1.2, lakini mA 60 zilikusudiwa kujaza mAh 600 kwa saa 14 hadi 16, kwa hiyo mAh 2000 zitahitaji zaidi ya saa 40. Wengi huisahau hesabu hii, kisha huzilaumu seli mpya.

Mchangiaji wa pili:
Naunga mkono. Badilisha zote 6 kwa pamoja, za aina moja na ujazo mmoja, kwani seli dhaifu katika mfululizo huisha mapema na zilizobaki huilazimisha kupitisha umeme hadi ncha zake zinageuka, chanya ikawa hasi. Tafuta zenye vibati vilivyobandikwa kiwandani, ulehemu kwenye vibati hivyo tu, maana joto likifika kwenye seli yenyewe huharibu kizibo chake. Ukikuta kihisi joto kidogo kati ya seli za zamani, tafadhali kirudishe mahali pake.

Mleta mada:
Nashukuru sana. Na ule unga mweupe?

Mchangiaji wa pili:
Ni mabaki ya alkali iliyovuja, nayo hula shaba ya saketi. Vaa glavu na miwani, futa kwa pamba yenye siki kidogo, kisha kwa spiriti, uache pakauke kabisa kabla ya kuunganisha chochote. Seli kongwe zifunike ncha kwa utepe na uzipeleke kwa wanaopokea taka za kielektroniki. Kadimiamu ni sumu, usizichome wala kuzizika.