Gumzo la Ukoo wa Kibokoni: Mbio za Usiku za Mwanajuma

Shangazi Rukia (saa 1:40 usiku): Asalaam aleikum, wana wa ukoo. Jambo hili nalileta hapa mbele ya wote, asije mtu baadaye akasema hakuambiwa. Jumamosi hii, baada ya Isha, Mwanajuma ataondoka nyumbani saa tatu usiku kwa miguu yake, avuke daraja la Nyali, apite Kongowea, Bamburi, Shanzu, Mtwapa na Vipingo, na Mungu akijaalia aingie Kilifi alfajiri. Ni kilomita zinazokaribia 60, na kwa mwendo wa dakika nane kwa kila kilomita, kutembea kukiwamo, ni muda wa saa nane. Anajiandaa kwa mbio za Comrades za Afrika Kusini, mwezi wa Sita, ambazo hukaribia kilomita 90, na anayepitisha muda wa saa 12 hapewi medali hata akiwa anauona mwisho kwa macho. Nahitaji gari, dereva asiyesinzia, sanduku la barafu na watu wawili wa kupokezana. Naomba majibu kabla hamjalala.

Shangazi Rukia (saa 3:05 usiku): Naona wengi mmesoma. Kusoma si kujibu.

Swaleh (saa 3:11 usiku): Shangazi, kwenda Kilifi kuna matatu, na nauli nitamlipia mimi. Mtoto huyu amekosa nini hata arejeshwe zama za misafara?

Fahima (saa 3:12 usiku): Akifika atuletee korosho.

Shangazi Rukia (saa 3:15 usiku): Mzaha wekeni kando. Tumechagua usiku kwa sababu jua la mchana litammaliza kabla hajaiona Bamburi, na pia miguu ijifunze kwenda wakati mwili mzima unadai kulala. Tena masika yanakaribia. Yakikolea, barabara ile haitapitika. Twaha, nakutaja kwa jina: gari lipo?

Ami Twaha (saa 3:40 usiku): Gari lipo. Nitamfuata nyuma polepole na taa za tahadhari nimeziwasha, ingawa sijaridhika bado kwamba mtoto wa kike apite Mtwapa saa sita za usiku, na malori yale, na vumbi la ujenzi wa barabara.

Nuru (saa 3:52 usiku): Shikamooni nyote. Niko zamu ya usiku wodini, kwa hiyo nitasema machache. Usiku wa Mombasa hauna jua, lakini una unyevu mwingi hewani. Jasho hutiririka bila kukauka, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Kwa hiyo mwendo uwe wa chini kuliko anaoutaka yeye.

Shangazi Rukia (saa 3:55 usiku): Ndiyo maana nimeandaa mtungi wa lita 20, na kila saa atakunywa lita nzima, apende asipende.

Nuru (saa 4:20 usiku): Hapana, Shangazi, nakuomba sana. Mtu anayetokwa na jasho saa nyingi kisha akanywa maji matupu kupita kiu yake, chumvi ya damuni huzimuliwa, naye huanza kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa, na mambo yakizidi hupata degedege. Mkimwona hivyo mtadhani amekaukiwa na maji, mmwongezee mengine, na hapo ndipo mtamdhuru. Anywe kwa kiu. Madafu ni mazuri lakini sodiamu yake ni haba, kwa hiyo viwepo pia viazi vya kuchemsha vya kuchovya kwenye chumvi, tende, na vile vipakiti vya chumvi wanavyopewa wanaoharisha. Mahamri na viazi karai viachwe nyumbani, kwa kuwa mafuta hukaa tumboni.

Swaleh (saa 4:22 usiku): Viazi karai vikiachwa nyumbani, nami nitabaki navyo nivilinde.

Bi Khadija (saa 4:30 usiku): Kuhusu sanduku la barafu, kwanza liulizwe lilikolala tangu arusi ya Jomvu. Mimi sitaongeza neno.

Shangazi Rukia (saa 4:31 usiku): Sanduku lilirudishwa, Khadija.

Bi Khadija (saa 4:33 usiku): Lilirudishwa bila kifuniko, na aliyelirudisha yumo humu anasoma.

Ami Twaha (saa 4:41 usiku): Hili la Jomvu si lilisuluhishwa mbele ya marehemu Babu?

Bi Khadija (saa 4:42 usiku): Lilisuluhishwa. Kifuniko hakikurudi.

Mwanajuma (saa 11:48 alfajiri): Shikamooni. Nililala mapema, ndiyo kwanza nasoma. Ami Twaha, nashukuru kwa gari, ila usinifuate nyuma. Nitakimbia upande wa kulia nikiyatazama magari yanayokuja, kwa hiyo ukinifuata utakuwa unaendesha kinyume, kwenye njia ya malori. Utangulie kilomita tano, usubiri penye mwanga, katika kituo cha petroli kwa mfano; nikikufikia nile, nipake mafuta ya mgando pale panaposuguana, nibadilishe soksi kabla ya malengelenge, kisha utangulie tena. Nina taa ya kichwani na koti la riflekta. Na kuhusu mtoto wa kike: mwaka 1923 mwanamke aitwaye Frances Hayward alikataliwa kuandikishwa kwenye mbio hizo hizo, akakimbia vivyo hivyo na akamaliza. Wanawake walikuja kukubaliwa rasmi mwaka 1975. Mimi nimeshaandikishwa, Ami. Ninachokosa ni gari tu.

Swaleh (saa 12:10 asubuhi): Na aliyebuni mateso haya alikuwa na ugomvi na nani?

Mwanajuma (saa 12:14 asubuhi): Ni Vic Clapham, mwaka 1921, kwa kumbukumbu ya askari wenzake waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Naye kutembea alikujulia huku kwetu Afrika Mashariki, walipokuwa wakimfukuza von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Kinachonitisha mimi ni vilima, maana njia ile ina vilima vitano vyenye majina, nasi kisiwa kizima mlima wetu ni daraja la Nyali.

Fahima (saa 1:30 asubuhi): Bibi amenituma niandike maneno yake kama alivyoyasema, kwa kuwa hataki kurekodi sauti. Anasema: “Nimesomewa yote. Kukimbia akimbie, mimi sikumzuia tangu akiwa mdogo. Lakini daraja la Nyali halivuki usiku. Ya Mazeras sijayasahau, na aliyeniambia gari lina mafuta ya kutosha ni yeye huyu Twaha. Nilikaa barazani mpaka jogoo akawika, na sikai tena.”

Shangazi Rukia (saa 3:20 asubuhi): Tumesikia, Bibi.

Shangazi Rukia (saa 3:45 asubuhi): Basi nasema hivi, na asiyekubali aseme sasa. Usiku kucha azunguke humu kisiwani, kutoka Fort Jesus hadi Mama Ngina mpaka karibu na kivuko cha Likoni na kurudi, ambako kuna taa na watu, na kila mzunguko apite nyumbani Bibi amwone. Baada ya Alfajiri avuke daraja, kwa kuwa hapo si usiku tena, amalizie upande wa Mtwapa kwa kadiri ya nguvu zilizobaki.

Mwanajuma (saa 3:58 asubuhi): Nimekubali, Shangazi, ila kupita mlangoni kwetu saa nane za usiku na kitanda kiko ndani ni mtihani mgumu kuliko Mtwapa. Na Bibi aulizwe kama kukipambazuka nitaruhusiwa kufika Kilifi.

Fahima (saa 4:25 asubuhi): Nimemuuliza. Amesema kwanza aone tangi la gari.

Ami Twaha (saa 6:50 mchana): Gari liko kwa fundi tangu asubuhi. Nitawajulisha kesho.

Shangazi Rukia (saa 6:51 mchana): Twaha, jana usiku uliandika kwamba gari lipo.

Mjomba Athman (saa 8:15 mchana): Wa aleikum salaam. Nimeona sasa hivi. Kifuniko cha Jomvu ninacho mimi.