Sungura wanamaliza ngano kando ya ua: fereti, bunduki na mbwa, kipi kianze?

mkulima_mashariki

Wakuu, salaam. Nawauliza hasa mlioko Uingereza na mnaoijua kazi hii. Shamba ni la ngano ya msimu wa baridi na shayiri, Norfolk, mashariki mwa England, udongo wa kichanga. Sungura wamejichimbia kwenye tuta la ua wa miti lenye urefu wa mita 120 hivi, na ukanda wa ngano kandokando ya ua umeliwa hadi chini. Mwenye shamba ametoa ruhusa kwa maandishi.

Vilivyopo: bunduki ya .22 yenye darubini na kipunguza sauti, iko kwenye cheti cha polisi. Fereti watatu (wanyama wadogo wembamba wa kufugwa, jamii ya kicheche, wanaoingizwa mashimoni kuwafukuza sungura), majike wawili na dume mmoja. Mbwa jike wa miaka miwili, lacha, yaani chotara wa greyhaundi na mbwa wa kondoo. Nyavu 25 za mfuko, zile zinazotegwa mdomoni mwa shimo na kujifunga sungura akiingia.

Shida ni kwamba usiku taa ikiwashwa tu, sungura wote wameshaingia shimoni. Fereti wakiingizwa mchana, sungura hawatoki, na fereti wenyewe wanakaa chini muda mrefu. Kosa liko kwa fereti, kwenye nyavu, au kwenye mpangilio wa kazi nzima? Na kipi kinatakiwa kutangulia?

nyavu_na_kigingi

Mkuu, fereti watangulie. Msimu wao ni Oktoba hadi mwisho wa Februari: majani yamekauka, mashimo yanaonekana, na chini hakuna watoto wengi. Sungura hubeba mimba siku 30 tu na anaweza kupandishwa tena mara baada ya kuzaa, kwa hiyo jike unayemwondoa Januari ana thamani kuliko wengi utakaowapiga Julai. Ukisogea Machi, fereti atakuta viota. Akikuta kiota anaua, anakula, analala palepale, na wewe utamsubiri hadi giza.

Sasa kwa nini hawatoki. Mara nyingi fereti hana kosa. Sungura humkimbia fereti kwa kutoka nje pale tu anapoamini nje ni salama. Akishajua kuna watu juu ya paa lake, ataona heri abanwe kwenye mwisho wa handaki kuliko kutoka. Kwenye mchanga kila hatua yenu inasikika chini. Gari liachwe mbali, milango isipigwe, simu izimwe, mazungumzo yawe ya mikono. Ingieni dhidi ya upepo. Msitembee juu ya tuta kama shimo linafikika kwa ubavuni. Mkishatega, kila mtu asimame nyuma au pembeni ya mdomo wa shimo, kwa sababu sungura husita hatua chache ndani na kuchungulia. Akiona viatu, anageuka. Na kama jana usiku mlimulika na kupiga palepale, leo msiwapeleke fereti. Pumzisheni mahali hapo siku kadhaa.

Nyavu. Hesabu mashimo yote kabla ya siku yenyewe. Yale yenye lundo la udongo mlangoni huonekana kirahisi. Yanayowaponyoka watu ni matundu madogo ya dharura katikati ya nyasi, yaliyochimbwa kutokea ndani, hayana lundo lolote. Moja tu likibaki wazi, wengi watatokea hapo. Kwa tuta la mita 120 nyavu 25 hazitoshi, kwa hiyo fanya kipande kimoja kwa siku, au weka wavu mrefu upande wa ngano. Wavu wa yadi 50 hushikiliwa na fito kila yadi 4 au 5, umbali wa mita chache kutoka kwenye ua, na lazima ulegee uwe na tumbo kama jarife majini. Ukiuvuta ukakaza, sungura anaugonga na kurudi.

Wavu wa mfuko wa futi 4 unategwa hivi: toa vijiti na majani makavu mdomoni, kwa sababu uzi ukinaswa na kijiti kimoja mfuko haufungi. Pete ya chini ikae kwenye ukingo wa chini wa shimo, ndani kidogo. Tandaza wavu ufunike mdomo wote, pete ya juu ikae juu, kamba ipite bila kizuizi. Kigingi kipigwe juu ya shimo, si mbele yake. Kwenye mchanga wako kigingi kifupi kitang'oka na sungura ataondoka na wavu, akafie mbali ndani yake. Tumia kirefu, kiingie hadi kwenye udongo mgumu. Anza na mashimo ya pembeni, malizia ya katikati.

Sungura akinasa, shimo liko wazi na mwenziwe anaweza kuwa nyuma yake. Kwa hiyo usihangaike kumfungua kwanza. Ziba mdomo kwa goti au mguu, tega wavu wa akiba kutoka mfukoni, ndipo umshughulikie. Shika miguu ya nyuma kwa mkono mmoja, kichwa kwa mwingine vidole vikiwa nyuma ya masikio, vuta kwa nguvu huku ukikunja kichwa kuelekea mgongoni. Shingo inateguka mara moja. Anayetaka kuchinja anaweza, maana wavu hauui; kisu kiwe kikali kwelikweli na kazi iwe ya mkupuo mmoja.

Fereti wako: tumia majike. Ni wembamba, hupita kwenye matundu ya wavu bila kuuvuruga, na nguvu zao za kumshikilia sungura ni ndogo. Dume ana uzito hata mara mbili ya jike, akimfikia sungura anamuua chini na kubaki naye. Wengine huwanyima chakula ili "wawe wakali". Hilo ni kosa kubwa, fereti mwenye njaa ndiye anayeua na kulala. Mpe mlo mdogo asubuhi. Usimfunge mdomo kamwe: akikutana na panya wakubwa hana cha kujitetea.

Halafu mwangalie anapotoka. Manyoya kwenye kucha za mbele maana yake kuna sungura amejibana kwenye mwisho wa handaki, ameonyesha makalio, na fereti alikuwa anayakwaruza bila kupata njia ya kumzunguka. Damu mdomoni maana yake ameshaua. Hapo ndipo kola ya redio, inayoonyesha fereti yuko wapi chini, inapofanya kazi. Kama huna, nunua kabla ya kununua kitu kingine chochote. Kila fereti na kola yake, betri mpya kila siku ya kazi, ijaribiwe juu kabla ya kuingia. Ikaze kiasi cha kupitisha ncha ya kidole kidogo: ikilegea inabaki chini peke yake, na utachimba futi 4 kuitafuta kola tupu.

Mashine ya kupokea mawimbi ya kola ikisema yuko mahali pamoja dakika kumi bila kusogea, chimba. Punguza nguvu ya mashine taratibu hadi sauti ibaki mahali padogo kama kiganja, soma kina, kisha shusha shimo pembeni kidogo ya hapo. Futi ya mwisho chimba kwa mikono. Ukimtoa fereti, ingiza mkono mbele zaidi, kwani mara nyingi kuna sungura wa pili nyuma ya yule wa kwanza. Kisha rudisha udongo wote, shamba lina ng'ombe na matrekta.

kaliba22

Nyongeza upande wa bunduki. Siku ya fereti .22 ibaki kwenye kabati la chuma. Sungura anayechomoka anakimbia, watu wamesambaa pande zote za ua, mbwa yuko katikati, na risasi ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya maili moja. Wanaopiga sungura wanaotolewa na fereti hutumia bunduki ya marisau, tena kwa mpangilio mkali wa nani anapiga upande gani. Kwa watu wachache, nyavu zinatosha.

Kazi ya .22 ni kupunguza waliobaki, na saa zake bora ni mbili za mwisho kabla ya jua kuzama, kuanzia Mei. Tumia risasi za mwendo wa chini ya sauti, gramu 2.6 (greni 40), zenye tundu nchani. Rekebisha darubini kwa yadi 60. Hapo kati ya yadi 20 na 70 unalenga karibu moja kwa moja. Kwenye yadi 100 risasi imeshashuka inchi 5 au 6, ukikosea makadirio kidogo unavunja taya badala ya kuua. Mwisho wako uwe yadi 70. Lenga kati ya jicho na sikio.

Jambo ambalo watu hawalipi uzito ni kudunda kwa risasi. Hii ya .22 ni nzito, ya polepole, haivunjiki vipande. Ikigusa jiwe, maji au udongo ulioganda kwa baridi, inaruka. Norfolk mchanga wake umejaa mawe ya gumegume, kwa hiyo piga tu pale nyuma ya sungura pana tuta la udongo laini. Sungura aliye juu ya mwinuko mbingu ikiwa nyuma yake hapigwi. Risasi ya .17 HMR, nyembamba na ya kasi zaidi, huvunjika inapogonga na hufika yadi 150, lakini ina kelele zaidi na huharibu nyama isipogonga kichwa.

Kuhusu taa: sungura wako wameshaifahamu. Taa nyeupe yenye nguvu, kila usiku, njia ileile, lazima wakimbie. Pumzisha wiki kadhaa, rudi usiku wenye mawingu na upepo wa wastani, usio na mwezi, taa iwe na kioo chekundu na uipitishe bila kuisimamisha hadi uko tayari kupiga. Lipite shamba lote mchana kwanza ujue nyumba, njia za watu na mifugo viko wapi. Na ile ruhusa ya maandishi iseme waziwazi kwamba unaruhusiwa kupiga usiku.

pua_ya_mbwa

Waliotangulia wamesema vizuri, ila mbwa ameachwa nyuma na yeye ndiye anayeokoa siku nzima. Kwenye mashimo 40 huenda yenye sungura ni 12 tu. Mpitishe lacha wako taratibu kando ya ua, upepo ukimjia usoni, kabla ya wavu wa kwanza kutegwa. Akipita shimo kwa kunusa mara moja na kuondoka, halina kitu. Akisimama, masikio mbele, mguu mmoja umeinuka, kichwa kinageuka kidogo upande kama anayesikiliza, hapo wapo. Mbwa mchanga hudanganywa na harufu ya jana: anachimba, analia, anatikisa mkia kwa fujo. Mwite kwa sauti ya chini, mpitishe tena baada ya dakika chache. Akirudia shimo lilelile kwa utulivu, mwamini. Usimlazimishe kuonyesha, atajifunza kukuridhisha na utatega mashimo matupu.

Wakati fereti wako chini, mbwa akae mita 5 nyuma ya nyavu, kimya. Kazi yake ni yule anayeponyoka. Lazima awe amezoeshwa fereti tangu mdogo, banda lao likiwa karibu na lake, na awe hagusi kondoo wala kuku. Ukiwa na teria, mbwa mdogo apendaye kuingia mashimoni, usimwache aingie: anaziba njia, anakutana na fereti gizani, na mchanga wa huko huporomoka.

Kabla ya yote hakikisha kila shimo ni la sungura. La sungura lina upana wa sentimita 10 hadi 15. Ukikuta mdomo wa sentimita 25 au zaidi, mpana kuliko urefu wake kama herufi D iliyolazwa, na lundo kubwa mbele lenye nyasi kavu zilizovutwa nje, hilo ni la nyegere wa Ulaya. Sheria ya 1992 ya kuwalinda nyegere hao inakataza kulivuruga au kumwingiza mbwa, na fereti ukimpeleka humo hatatoka mzima. Kwa upande wa sungura, sheria ya 2004 ya England na Wales inaruhusu kuwawinda kwa mbwa kwa idhini ya mwenye ardhi. Sungura-mbuga anayelala juu ya ardhi hayumo kwenye ruhusa hiyo, kwa hiyo lacha akimfukuza, mwite arudi. Scotland wana sheria yao ya 2023, kali zaidi.

Nyama: kamua kibofu kwanza, kisha pasua mara tu baada ya kuua, joto litoke. Ini lenye madoa meupe mengi, tupa. Vifuko vya maji kama punje za njegere kwenye utando wa tumbo ni vya tegu: usimpe mbwa matumbo mabichi, ndiko anakoambukizwa. Sungura mwenye macho yaliyovimba na usaha ana miksomatosi, ugonjwa uliofika Uingereza mwaka 1953 na kuua karibu sungura wote wa nchi. Muue asiteseke zaidi, ila haliwi.

mdau_morogoro

Wakuu, mbinu hii ya fereti inawezekana huku kwetu?

nyavu_na_kigingi

Hapana mkuu. Sungura wa porini wa Tanzania na Kenya ni jamii nyingine, hachimbi mahandaki, hulala kwenye nyasi na kutegemea mbio. Fereti hana pa kuingia. Pia Tanzania mnyamapori anahitaji leseni, na Kenya uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977.

mkulima_mashariki

Nimewapata vizuri sana. La mwisho: jioni imefika, kola imekufa betri, fereti bado yuko chini. Nafanyaje?

nyavu_na_kigingi

Kwanza jaribu kumtoa: mpasue sungura aliyeuawa sasa hivi, mwache mlangoni upande upepo unakoingilia shimoni, na uondoke hapo. Akichungulia usimrukie, atarudi ndani na kesho atarudia mchezo huo. Mwache atoke mwili mzima, ndipo umshike mabegani kutoka juu.

Asipotoka hadi giza, ziba mashimo yote kwa udongo na nyasi isipokuwa lile aliloingilia. Weka sanduku lake mdomoni, nyasi kavu tele ndani, kipande cha ini la sungura kwenye kona ya mbali, tundu la sanduku likitazama shimo, na lizibe pembeni upepo usipite. Rudi alfajiri kabla hakujapambazuka. Mara nyingi utamkuta amejikunja ndani ya nyasi. Kama hayumo, angalia kila shimo uliloziba kama limefukuliwa, kisha uliza nyumba za jirani zenye kuku.