Kuhesabu ndege wahamao wa pwani: maji yakijaa au yakipwa?

Mwambao7:
Wadau, salaam. Kikundi chetu kinataka kuanza kuhesabu ndege wahamao kwenye matope ya pwani. Maji yakipwa wanatawanyika mbali, hata kwa darubini ni vitone tu. Yakijaa wanakusanyika, lakini wanaruka kila mara. Tuhesabu lini, na vipi? Halafu jirani kuna mabwawa ya chumvi yaliyoachwa. Wengine wanasema tupande mikoko humo na kwenye matope. Ni sawa?

Sululu:
Hesabuni maji yakijaa, ndege wakiwa mahali pao pa kupumzikia. Fikeni mapema, kama saa mbili kabla ya maji kufika kilele, mkae chini, jua likiwa mgongoni. Chagueni siku ya maji makubwa ya wastani. Maji mafu huacha sehemu ya matope wazi na ndege hawasogei wote. Bamvua kubwa kupita kiasi hufunika hata pale wanapopumzikia, wakahamia msikokujua.

Darubini ya kusimamisha yenye ukuzaji wa 20 hadi 60 inafaa, ila mchana wa joto hewa humeremeta: rudini kwenye 20 au 30, au njooni asubuhi. Hesabuni kumi mmoja mmoja, jicho likariri ukubwa wa kumi hao, kisha pimeni kundi lote kwa makumi au mamia. Kundi lililobanana karibu kila mara hukadiriwa chini ya idadi yake, kwa sababu walio nyuma hufichwa na walio mbele. Watu wawili wahesabu bila kuambizana. Wakipishana sana, warudie.

Kuruka mara kwa mara ndiyo dalili inayonipa wasiwasi. Wakiinua shingo wote kwa pamoja au wakianza kutembea kuwakimbia, mmeshasogea mno. Rudini nyuma taratibu. Mita 150 ni mwanzo mzuri, na mbwa wafungwe. Kila mruko unakula mafuta waliyojiwekea kwa safari. Mwaka 2022 kinda wa *Limosa lapponica* (ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu) aliyevalishwa kifaa cha kufuatilia aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku 11 bila kutua. Ndege hawa hawawezi kupumzika juu ya bahari, hivyo akiba ikipungua njiani hakuna pa kuikopa.

Bendera_mguuni:
Nyongeza fupi: angalieni miguu. Ukiona kibendera cha plastiki, andika rangi, mguu gani, juu au chini ya goti, na herufi zake. Rangi huonyesha alikovalishwa. Usijaze herufi kwa kubahatisha. "Haikusomeka" ina faida kuliko herufi ya uongo.

Chumvichumvi:
Mikoko kwenye matope matupu, hapana. Miche mingi hufa kwa kuzama muda mrefu mno, na ikiota, ndege wamepoteza malisho na uwazi wa kumwona kozi akija. Pandeni palipokuwa na mikoko ikakatwa.

Mabwawa ni hazina, shida ni kina. Vitwitwi wadogo wanataka maji ya sentimita 0 hadi 4. Wenye miguu mirefu huvumilia hadi 15 hivi. Jazeni wiki tatu au nne kabla ya msimu ili mabuu na minyoo wazaliane, kisha shusheni sentimita 2 hadi 4 kwa wiki. Mkifungua lango mara moja, chakula chote hupatikana siku chache, halafu tope linakauka na kupasuka. Bwawa moja likikaribia kukauka, lingine liwe ndiyo linaanza kushushwa. Acheni visiwa vya chini vyenye kingo za mteremko mdogo, majani yafyekwe nje ya msimu.

Mwambao7:
Ahsanteni. Je, mabwawa yakifaa, matope yakifukiwa si bado watakuwa na pa kwenda?

Sululu:
La. Ukuta wa Saemangeum, Korea Kusini, wa kilomita 33, wa kuzuia bahari isifike kwenye matope, ulipofungwa mwaka 2006, maelfu ya *Calidris tenuirostris* (aina ya ndege wahamao wa pwani) waliotegemea matope yale hawakuonekana kuhamia ghuba za jirani, na hesabu zao Australia zikashuka pia. Bwawa linasaidia maji yakijaa. Kaa wadogo na kombe wanaowanenepesha wako kwenye matope. Andikeni hesabu za sehemu zote mbili kwenye ramani moja, ndipo mkizungumza na wapangaji wa ardhi msigawiwe nusu.