Tupeane uzoefu: Kanda iliyoliwa na redio, au iliyorekodiwa juu yake

Mkusanyaji wa Tanga:
Wenzangu, juzi nilikuwa nikipangusa vumbi kwenye kanda zangu, ambazo sasa zimefika 212, nikakutana na moja yenye mwandiko wa marehemu baba: “Sikinde. Isiguswe.” Niliiweka kwenye redio kwa heshima zote, na badala ya muziki wa bendi ya Sikinde nikajisikia mwenyewe, mtoto wa miaka saba, nikihesabu moja hadi mia na kukosea pale sitini na tisa. Baba alikuwa amekwisha kuvunja vile vidude viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda ili isirekodiwe tena. Mimi niliziba matundu kwa selotepu, kama nilivyowaona kaka zangu wakifanya. Hakuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kusema. Nani mwingine ana dhambi ya aina hii?

Mama Wawili:
Selotepu hiyo, ndugu yangu, imetuponza wengi.

Fundi Mstaafu:
Waliorekodiwa juu yake hawana dawa. Walioliwa utepe na redio wanayo, mradi wasivute kwa hasira. Mara nyingi kosa si la kanda bali ni la kile kigurudumu cha mpira kinachousukuma utepe: kikishika uchafu hunata, utepe ukajizungushia humo. Kisafishwe kwa spiriti na pamba. Pia acheni kuzisifu kanda za dakika 120, kwa kuwa utepe wake ni mwembamba kuliko ule wa dakika 60, na ndio unaotangulia kukunjamana.

Damu ya Msondo:
Kama kilichofutika ni Sikinde, basi mtoto yule alifanya kazi njema.

Mlimani Asilia:
Anayesema hivyo ni shabiki wa Msondo, bendi iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA, ikawa JUWATA, kisha OTTU, ikibadili jina kila chama cha wafanyakazi kilipobadilika. Sikinde imeanza mwaka 1978 na jina lake tunalijua.

Damu ya Msondo:
Imeanza kwa wanamuziki waliotoka bendi nyingine. Malizia historia, mzee wangu.

Bint Malindi, Unguja:
Naomba mniwie radhi nikate mabishano, maana mada hii imenitonesha. Mjomba wangu alikuwa Maskati, na kwa kuwa mama hakuwa msomaji wa haraka, barua zake zilikuja kwa kanda. Jioni mama aliweka redio ukumbini, majirani wakaja na mikeka, na mjomba akaanza kumsalimia kila mmoja kwa jina, hata waliokwisha kufariki ambao habari zao hazikuwa zimemfikia. Kanda ya mwisho niliiazima bila ruhusa nikampa shoga yangu, ambaye alitaka tu kuona ilivyo ya kigeni. Wiki ya tatu ikaja habari kwamba mjomba amefariki. Watu wamejaa msibani, mama akasema, “Nileteeni sauti ya ndugu yangu.” Nilikimbia pekupeku. Shoga yangu alikuwa amenasa taarabu ya redioni upande mzima.

Niliirudisha nyumbani nikiwa sina pa kujificha. Mama aliisikiliza taarabu ile, wimbo baada ya wimbo, bila kunitazama, na nyimbo zilipokwisha, kwa kuwa shoga yangu aliwahi kuizima, pakabaki kipande kidogo sana cha mjomba: “…na yule mdogo mwambieni asiache kusoma.” Hayo tu. Tangu hapo, kila mama alipotaka kumsikia alianza mwanzo wa upande, kwa maana alikataa kabisa kuisogeza mbele, akisema utepe utachakaa. Mama yangu hakupenda taarabu. Alifariki akizijua nyimbo zile zote kwa moyo.

Mama Wawili:
Pole sana, dada. Nimeacha sufuria jikoni.

Mnunuzi Makini:
Kanda hiyo ipo bado? Ninaweza kuitolea bei nzuri.

Mkusanyaji wa Tanga:
Ndugu Mnunuzi, hata sisi wakusanyaji tuna adabu zetu.

Kijana wa Ilala:
Shikamooni. Ihamishieni kwenye kompyuta leo hii.

Fundi Mstaafu:
Marahaba, lakini si leo. Kwanza iangaliwe kama utepe una ukungu mweupe, kwa sababu ukichezwa hivyo unachafua hedi, yaani kile kichwa cha redio kinachosoma utepe, na kuharibu kanda nyingine.

Mpwa wa Mpwapwa:
Bibi yangu aliziweka kwenye pipa la mchele na hazikupata ukungu. Zilipata panya.

Mama Wawili:
Na zisiwekwe juu ya spika. Ile sumaku inafuta.

Bint Malindi, Unguja:
Ipo, na haiuzwi. Kijana wa Ilala, nitakutafuta.

Mkusanyaji wa Tanga:
Nimeisikiliza tena ya kwangu. Kabla sijaanza kuhesabu zimebaki sekunde kama nne: tarumbeta, gitaa moja la juu, na mwanzo wa sauti ambayo naamini ni ya mwimbaji Hassani Bitchuka. Nimeirudia mara kumi.

Damu ya Msondo:
Bitchuka ameimba kote kuwili. Tarumbeta zinaingiaje?

Mkusanyaji wa Tanga:
Zinaingia mbili kwa pamoja, kisha moja inabaki nyuma.

Damu ya Msondo:
Basi marehemu baba yako aliandika Sikinde kuwapoteza wezi. Hiyo ni Msondo.

Mlimani Asilia:
Tuletee sekunde hizo nne hapa, tusikilize wenyewe.