Jirani yangu ni Mmixteco, Kihispania hajui, kliniki wanamletea mkalimani wa Kihispania. Nimsaidieje?

Kijana wa Oxnard: Wakuu habari za mihangaiko. Nipo Oxnard, California, jirani zangu ni Wamixteco, watu wa asili wa Oaxaca, Mexico, wenye lugha yao wenyewe, wanachuma stroberi. Mama ana mimba kubwa, Kihispania chake kinaishia kwenye salamu, sasa kliniki wakiona katoka Mexico basi wanampa mkalimani wa Kihispania, anaitikia tu "sí, sí" anarudi na makaratasi hata hajui yanasema nini. Juzi nimewapeleka, binti yao wa darasa la nne ndo anamtafsiria mama yake mambo ya kutokwa damu, mtoto kainamia viatu vyake hataki kumwangalia mtu. Kuna huduma ya watu kama hawa kweli?

Mama Naima: Mbona upo palepale penye dawa mkuu. Nenda nao MICOP, ni shirika la kijamii, ofisi iko hapohapo Oxnard, ilianzishwa 2001 kwa ajili ya Wamixteco na wenzao wa asili, wana watu wanaoongea lugha yao. Wana mpaka redio, Radio Indígena 94.1 FM.

Zamu ya Usiku: Nafanya kazi hospitali huku huku Marekani. Kliniki ikipokea hela ya serikali kuu lazima ilete mkalimani bure, ipo kwenye kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya Obama, na mtoto haruhusiwi kutafsiri labda iwe dharura. Ila usiseme Kimixteco tu ukaishia hapo, taja na kijiji alichotoka, wa vijiji tofauti wanaweza wasielewane kabisa. Mwambie mtu wa mapokezi aandike kwenye faili, na aombe mapema, mkalimani wa lugha hizi hapatikani fasta.

Kijana wa Oxnard: Asanteni sana. Mume anaogopa, anasema akijiandikisha popote watu wa uhamiaji watamfuata.

Mama Naima: Hofu yake ina msingi, usimlazimishe. Chakula cha WIC, mpango wa serikali wa wajawazito na watoto, hawaulizi karatasi za uhamiaji, anzeni na hicho. Na fomu usimjazie wewe, hata kama una haraka, aende akaelezwe kwa lugha yake aamue mwenyewe.

Mkulima Fresno: Wakihamia huku kufuata zabibu watafute shirika la CBDIO, nao wanahudumia watu wa asili wa Oaxaca.