Magodoro ya springi ya hoteli: kuyauza mazima, kuyafumua, au kusaga sponji? (Ulinganisho)

mkusanyaji_Nyali:
Habari wakuu. Hoteli za huku Mombasa zikibadilisha vitanda, magodoro hutoka kwa mkupuo. Tuliyopata mengi ni 5 kwa 6, unene inchi 10, pamoja na besi zake, yale masanduku ya mbao yenye waya yanayowekwa chini ya godoro. Naona njia tatu: kuwauzia wa mitumba yakiwa mazima, kuyafumua na kuuza kila kitu kivyake, au kufumua kisha kusaga sponji tutengeneze mito na bodi za kugandisha (chenga za sponji zilizoshikanishwa kwa gundi). Watu tuko wanne, kibanda cha bati kipo, mashine bado. Ipi inalipa, na kila moja ina hatari gani?

fundi_makochi:
Salaam. Kabla ya kuchagua, jua kilichomo ndani. Bonyeza kwa ngumi mahali pamoja. Eneo zima la jirani likizama, springi zimefungamana kwa waya. Pakizama pale pa ngumi tu, kila springi ina mfuko wake wa kitambaa. Aina ya kwanza watu wawili huifumua bila taabu. Ya pili hula muda mwingi, na mwenye skrepa hukata bei akiona kitambaa bado kimeshika chuma.

Kufumua: laza godoro juu ya meza inayofika kiunoni. Pitisha kisu kikali chini kidogo ya mkanda wa pembeni, uzunguke pande zote nne. Usichane katikati, maana nyuzi hubaki ndani ya sponji na baadaye hujisokota kwenye shafti ya mashine. Ukinyanyua kitambaa utaona pete ndogo za waya zinazokibana kwenye waya mnene wa ukingoni. Zikate kwa koleo. Ukizivuta kwa nguvu sponji itachanika. Geuza, rudia upande wa pili. Tenga kitambaa, sponji, felti (au makumbi), na fremu ya springi.

Besi: ondoa kitambaa, kisha ng'oa pini zote za stepla kwa bisibisi bapa na playa. Ubao wenye pini moja tu ndani hutia pengo kisu cha randa, na seremala akishaumia mara moja harudi kununua. Ikiwa fremu si mbao halisi bali ni ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, usiuze kuwa kuni za kupikia; gundi yake ina moshi mbaya.

skrepa_Changamwe:
Nizungumzie chuma. Fremu ya springi ya 5 kwa 6 hutoa takriban kilo 10 hadi 15, lakini hewa ndiyo inayojaza lori. Usipozibana, nauli itakula faida yote. Zilaze juu ya nyingine zishikane, weka mbao nene juu na chini, kandamiza kwa jeki ya hidroliki ndani ya fremu ya chuma, funga waya mnene sehemu nne KABLA ya kulegeza jeki. Anayefunga asimame pembeni na avae miwani. Waya ukikatika, mzigo wote hufumka mara moja.

Kuna wanaochoma godoro ili wapate waya upesi. Tafadhali msifanye. Moshi wa sponji una monoksidi ya kaboni na sianidi ya hidrojeni, na jirani wa kwanza kuuvuta ni mtoto wa nyumba ya pili. Waya uliopita motoni pia hupoteza unyumbufu, hauwezi tena kurudi kwenye kiti.

Na leseni: sheria ya vyuma chakavu ya Kenya ni ya 2015, na biashara hii iliwahi kusimamishwa nchi nzima Januari 2022 hadi Mei mwaka huohuo. Uza kwa mwenye leseni, na kila shehena iwe na barua ya hoteli ilikotoka.

dada_sponji:
Kaka Nyali, pesa iko kwenye sponji kavu na safi. Ipime hivi: kata mchemraba wa sentimita 10 kila upande, uweke kwenye mizani ya jikoni. Gramu utakazosoma ndizo kilo kwa mita ya ujazo. Chini ya 18 ni laini mno kwa kiti, isage. Kuanzia 25 kwenda juu, kama haijabonyea, ikate vipande na uwauzie mafundi makochi ikiwa nzima. Kusaga sponji nzuri ni hasara.

Kwa mito, chenga za sentimita 1 hadi 2 zinatosha. Tumia mashine ya visu inayozunguka taratibu; kinu cha nyundo kinaipiga tu sponji, inanesa na kupata joto.

Bodi ya kugandisha ndiyo njia ngumu kuliko zote. Kwa kalibu ya mita 1 kwa mita 1 na unene sentimita 10, ukitaka densiti ya kilo 80 kwa mita ya ujazo unahitaji kilo 8: chenga kilo 7.2 na gundi ya poliyurethani gramu 800. Nyunyiza gundi huku chenga zikigeuzwa. Ukimimina pamoja utapata madonge huku na chenga kavu kule, na bodi itamomonyoka pembeni. Gundi hiyo hugandishwa na unyevu, kwa hiyo chenga zenye maji huifanya ianze kuumuka kabla hujakandamiza. Mvuke wake unaweza kuleta pumu ya kudumu: barakoa yenye kichujio cha kemikali, glavu, na kibanda kiwe wazi pande mbili. Bila hivyo, bakieni kwenye mito.

Mzee_wa_Sufi:
Wanangu, msidharau kuuza mazima, ila kwa masharti. Godoro lisilo na bonde, lisilo na harufu, lisilo na madoa ya maji. Kagua mishono na kona kwa tochi: vidoa vyeusi kama vya wino ni kinyesi cha kunguni. Kulianika juani hakutoshi, katikati hapafiki joto. Linahitaji zaidi ya nyuzi 50 ndani kabisa kwa muda wa saa moja na nusu. Ya hospitali msiyaguse.

fundi_makochi:
Hapo natofautiana nawe kidogo mzee wangu, kwa heshima. Magodoro ya hoteli hubonyea kiunoni kabla kitambaa hakijachakaa. Mnunuzi anaona kitambaa kizuri, akifika nyumbani analalia shimo. Kamba ivutwe toka kona hadi kona; pengo likizidi sentimita 3, lifumuliwe.

mkusanyaji_Nyali:
Shukrani nyingi wote. Na yale ya mifuko, yatupwe?

skrepa_Changamwe:
La hasha. Chana mfuko upande mmoja kwa kisu cha ndoano, safu nzima kwa mstari mmoja, kisha chomoa springi. Zimebanwa humo ndani, zinaruka, kwa hiyo miwani ni lazima. Mifuko mingi ni polipropilini, iwekeni gunia lake. Anzeni na yaliyofungamana, haya yawe kazi ya siku za mvua mkiwa chini ya bati.